Samaki na Mimea ya Lambo Wakati wa Kiangazi

Katika nchi za Ulaya watu wengi huchimba kidimbwi kidogo bustanini, wakatia humo samaki wa dhahabu na mimea ya majini, ili kuyapendeza macho ya watu wa nyumbani. Samaki hao hawana dhahabu kama ile ichimbwayo Geita. Wameitwa hivyo kwa ajili ya rangi yao tu. Asili yao ni China, ambako watu walianza kuwafuga zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, wakichagua wenye rangi nzuri miongoni mwa samaki wa kijivu. Majira ya baridi yajapo, uso wa maji hugeuka barafu, na hewa mbaya itokayo matopeni haipati njia. Kwa hiyo mwenye kidimbwi kisicho na kina huwatoa samaki wake na mimea yake mapema, akaviweka ndani ya nyumba hata jua lirudi.

Sisi wa Shinyanga na Geita hatuna barafu. Adui wa malambo yetu ni jua lenyewe. Mvua zetu huanza karibu na Novemba, nazo hukoma Aprili au Mei. Toka hapo lambo hupungua siku kwa siku, hata maji yakawa mazito kama uji, na samaki wakaanza kuhema juu ya maji asubuhi. Hapo watu huingia na vikapu, wakamaliza wakubwa na wadogo pamoja. Watu hula siku tatu, kisha hawana kitoweo cha samaki hata mwaka wa pili, wala mbegu ya kuanza nayo. Basi yatupasa kuuliza: je, haiwezekani sisi nasi kuwahamisha samaki wachache na mimea michache kabla ya siku mbaya? Inawezekana, wala si kazi ngumu.

Tutazame kwanza jinsi viumbe wenyewe walivyofundishwa na Mwumba wao. Kamongo, maji yakikauka, aweza kujichimbia matopeni, akajizungushia utando wa ute wake mwenyewe, akaacha tundu dogo la kuvutia pumzi. Hukaa humo miezi mingi bila kula, mpaka mvua imwamshe. Tena katika mabwawa ya muda ya nchi yetu wamo visamaki wadogo, ambao madume yao yana rangi za kung'aa kuliko hata samaki wa dhahabu. Hao hutaga mayai matopeni. Bwawa likauke, wazazi hufa wote. Lakini mayai hubaki hai chini ya ardhi iliyopasuka kwa jua, na mvua inyeshapo hutoka watoto, nao hukua kwa majuma machache. Watu wasiojua husema kwamba samaki hao wameanguka na mvua. Yungiyungi naye, majani yake hukauka, lakini tunguu lake hulala chini ya tope likingoja.

Perege hakupewa akili hiyo. Maji yakiisha, naye huisha. Kwa hiyo yeye ahitaji msaada wa mwanadamu.

KISIMA CHA SAMAKI

Chimba shimo karibu na nyumba, mahali penye kivuli cha mti au chini ya kibanda cha nyasi, lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1, na kina cha sentimita 75. Shimo hilo lachukua lita 1,500, yaani madebe 75 ya lita 20. Lipige ndani kwa udongo wa kichuguu uliokandwa vema, au utandike turubai lisilovuja. Lijaze mapema, wakati lambo lingali na maji ya kutosha. Kivuli ni jambo kubwa, kwa sababu maji yakipata moto hayawezi kushika hewa nyingi, na samaki huishi kwa hewa iliyomo majini kama sisi tuishivyo kwa hewa ya nje. Maji yakipungua kwa unene wa kidole chembamba kila siku mbili, debe moja kwa siku latosha kuyarudisha.

Usihamishe samaki wengi. Ishirini wenye urefu wa kidole ni mbegu ya kutosha. Mama mwenye kidevu kilichovimba mwachie lambo, maana perege hulea mayai na watoto kinywani, naye akishtuka aweza kuwatema wote. Kambare usimchanganye na hao, maana atawala.

Siku ya kuhamisha, toka alfajiri kabla ya jua kali. Chukua chungu kipana au ndoo safi, tia maji ya lambo lenyewe, na ufunike kwa kitambaa kilicholowa. Ukifika, usiwamwage mara moja. Weka chombo ndani ya maji ya kisima kwa muda, ili joto la maji mawili lilingane. Kisha tia maji ya kisima chomboni kidogo kidogo. Mwisho uwaache samaki watoke wenyewe. Wengi hufa kwa ghafula ya mabadiliko, wala si kwa safari. Kama maji yako ni ya bomba, kama yale yaliyoletwa toka Ziwa Viktoria hata Kahama na Shinyanga tangu mwaka 2009, yaache wazi siku moja au mbili kabla ya kuwatia samaki, maana dawa ya kusafishia maji huwadhuru.

Chakula kiwe kidogo: pumba, majani mabichi, mchwa. Kilichobaki huoza na kula hewa ya maji. Ukiwaona wanahema juu asubuhi, punguza chakula, teka sehemu ya maji, utie mapya. Maji uliyoyateka usiyamwage njiani. Yana rutuba, yapeleke mchichani. Hivi maji debe moja yatafanya kazi mbili. Tena zungushia kisima ua wa miiba, kwa ajili ya watoto wadogo na ng'ombe.

MIMEA

Yungiyungi aweza kuwekwa katika chungu chenye tope bichi, ndani ya nyumba au kibandani. Lakini gugu maji, lile lenye maua ya zambarau lililolivamia Ziwa Viktoria karibu na mwaka 1990, usilichukue kamwe, ijapokuwa maua yake ni mazuri. Jani moja huwa shamba, na shamba huziba lambo zima.

Mmea ulio na faida kuliko yote kwa nyumba zetu ni viazi vitamu. Akina mama wajua taabu ya kutafuta marando mvua zinapoanza. Wengine huenda mbali hata mabondeni, na wakirudi, mvua za kwanza zimekwisha kupita. Michembe na matobolwa hutulisha wakati wa njaa, lakini hayapandiki. Wataalamu wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi wameieneza katika Afrika Mashariki njia iliyo rahisi. Wakati wa kuvuna, chagua viazi vidogo na vya kadiri, visivyo na jeraha wala fukusi. Tandika mchanga mkavu katika beseni, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga tena. Weka beseni ndani ya nyumba mahali pa baridi, na kila mwezi uvitazame ili kuondoa vilivyooza. Majuma 6 mpaka 8 kabla ya mvua, vipande katika kitalu chenye ua karibu na nyumba, uvinyweshe maji kila baada ya siku tatu au nne. Mvua ya kwanza itakukuta una marando yako mlangoni.

MAONYO MATATU

La kwanza ni kwa ndugu zetu wa Geita, Nyarugusu na machimbo mengine. Mashimo ya zamani hujaa maji, na watu hutamani kufuga samaki humo. Msifanye hivyo. Zebaki itumikayo kukamata dhahabu huoshwa ikaingia matopeni, nako viumbe wadogo wasioonekana huigeuza kuwa sumu mbaya zaidi. Samaki mdogo huila, mkubwa humla mdogo, nasi tukamla mkubwa. Kupika hakuiondoi. Huharibu ubongo wa mtoto aliye tumboni hata kabla mama hajaona dalili yo yote. Ulimwengu ulijifunza jambo hili kwa machozi huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956. Basi usitumie maji ya karasha, wala ndoo iliyochukua zebaki au sianidi, hata ikioshwa mara saba.

La pili: samaki wa lambo moja usiwatie katika ziwa au mto mwingine bila ruhusa ya wenye kazi ya uvuvi. Sangara alitiwa katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950 na 1960 kwa nia ya kupata kitoweo. Kitoweo kilipatikana, lakini aina nyingi za furu zilitoweka. Nia njema haitoshi bila maarifa.

La tatu: lambo ni la kijiji. Mwenye kuhamisha samaki na aseme kwanza na wazee na serikali ya kijiji, tena maji ya kunywa ya watu na mifugo yatangulie. Mtu akijaza kisima cha samaki huku jirani yake mjane akikosa debe la maji, hata perege wake wote wakipona, hana sifa mbele za Mungu.

Baba zetu Wasukuma waliijua hekima hii zamani kwa jina la ngitili: walifunga malisho wakati wa mvua, ili ng'ombe wapate kula wakati wa ukame. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, uliihimiza tena, na miti ikarudi mahali palipokuwa jangwa. Yusufu naye katika Misri aliweka akiba wakati wa shibe, si wakati wa njaa. Ngitili ya samaki na ya viazi ni jambo hilo hilo. Nanyi waalimu, chimbeni kisima kimoja shuleni, watoto wakitunze kwa zamu. Mwezi wa Novemba lambo litakapojaa, warudisheni samaki wao kwa mikono yao wenyewe, nao watakuwa wamejifunza somo lisilofutika ubaoni.