Kabla Kikundi Hakijanunua Gari: Jinsi ya Kupima Kompresheni ya Injini



Kuna kikundi kimoja cha akina mama wauza maziwa ambacho tumekitembelea kwa muda mrefu. Walichanga kwa miaka mitatu, wakanunua Probox ya mtu. Gari lilikuwa linang'aa, limeoshwa mpaka chini. Wiki ya pili likaanza kutetemeka likipanda mlima, na petroli likawa linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Fundi alipolifungua akasema silinda moja imekufa. Kutengeneza injini kukamaliza pesa za meri-go-raundi za mwaka mzima, na wanachama wanne wakajitoa. Sisi wenyewe tulikuwepo siku ya kununua. Tuliangalia logibuku, tukaangalia matairi, tukaomba, tukapiga picha. Injini hakuna aliyeipima.

Ndiyo sababu tunaandika haya. Kipimo chenyewe si kigumu. Kinachukua kama saa moja, na kinaweza kufanyiwa hapo nyumbani kwa mwenye gari.

Kompresheni ni nini? Ndani ya kila silinda pistoni hupanda na kubana hewa iliyochanganyika na petroli, hata ikae katika nafasi ndogo mara kumi hivi. Ndipo plagi inapotoa cheche. Ikiwa hewa inavuja, iwe ni kwa ringi za pistoni zilizokwisha, au kwa valvu isiyofunga vizuri, au kwa gasketi ya hedi iliyoungua, moto unakuwa hafifu na silinda hiyo inabebwa na wenzake. Probox nyingi tunazoziona barabarani zina injini ya silinda nne ya sisi 1500, na kila silinda ina plagi yake na koili yake juu.

Vifaa ni geji ya kompresheni ya petroli (ile ya kufunga kwa nati ni bora kuliko ya kushikilia kwa mkono), soketi ya plagi, spana ndogo ya kufungua koili, karatasi na kalamu. Geji si ghali ukilinganisha na gari. Vikundi viwili au vitatu vinaweza kununua moja na kuiweka kwa mweka hazina. Lakini injini ya dizeli msiipime kwa geji hii, kwa maana dizeli hubana hewa kwa nguvu zaidi ya mara mbili na geji itapasuka.

Betri iwe imejaa. Injini ikimbizwe mpaka ipate joto, kisha izimwe na kuachwa ipoe kidogo, iwe vuguvugu. Hedi za siku hizi ni za alumini; ukifungua plagi injini ikiwa moto sana unaweza kung'oa nyuzi za tundu, na hapo utalipa wewe, si mwenye gari. Hendibreki ivutwe, gia iwe ya kuegesha au fri.

Sasa zimeni petroli. Ondoeni fyuzi ya pampu ya mafuta (kifuniko cha sanduku la fyuzi huonyesha ni ipi), washeni injini na mwiache ijizime yenyewe. Huu ndio usalama wenu, kwa sababu petroli ikiendelea kurushwa hali plagi ziko nje, cheche moja tu yatosha kuchoma gari na watu. Basi chomoeni waya za koili zote nne, muweke alama kila moja ni ya silinda ipi. Ondoeni koili. Pulizeni vumbi kwenye mashimo kabla ya kufungua plagi, maana changarawe ikianguka ndani itakwaruza silinda. Fungueni plagi zote nne, si moja tu. Mtu asivute sigara, na watoto wakae mbali.

Fungeni geji kwenye tundu la kwanza kwa mkono. Mmoja aingie ndani ya gari, akanyage aksileta mpaka chini na kuzungusha stata mpaka injini imebana mara sita hivi. Mwenye geji atahesabu kwa kuona mshale unavyoruka. Kwa magari mapya ambayo aksileta ni ya umeme, mlango wa hewa huenda usifunguke kwa kukanyaga. Hapo fundi afungue bomba la hewa na aushikilie mlango huo wazi polepole bila kuulazimisha. Andikeni namba, rudisheni geji sifuri, nendeni silinda ya pili. Idadi ya mibano iwe sawa kwa zote, la sivyo mnalinganisha vitu viwili tofauti.

Tuseme mmepata 175, 170, 172 na 120. Kanuni ya mafundi ni kwamba ya chini kabisa isiwe chini ya robo tatu ya ile ya juu. Robo tatu ya 175 ni kama 131. Hiyo ya 120 imeanguka, na gari hilo ndilo lile la akina mama wetu. Zikilingana zote, hata kama ziko chini kidogo ya kitabu, hilo ni afadhali kuliko moja kubwa na moja ndogo.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Namba za kitabu ni za pwani. Huku juu hewa ni nyepesi, na geji husoma pungufu. Mji wa Nyahururu uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, na huko injini nzima kabisa yaweza kusoma pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Mombasa. Kwa hiyo msikatae gari zuri kwa sababu ya namba tu. Tazameni zaidi ulinganifu.

Silinda ikiwa chini, mimina kijiko kimoja kidogo cha oili ya injini kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda sana, tatizo ni ringi. Isipopanda, ni valvu au gasketi. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, shukuni gasketi ya hedi. Tazama pia kifuniko cha oili: oili ikiwa imekuwa kama chai ya maziwa, maji yameingia.

Ile mashine ya kompyuta ya mafundi wa mjini ni nzuri, lakini itakuambia silinda fulani haiwaki vizuri. Haitakuambia ni plagi, koili au kompresheni. Na baada ya kipimo taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi kwa sababu mlichomoa koili, msiogope, hufutwa na mashine hiyo hiyo.

Wauzaji nao wana mbinu zao. Ukifika ukute injini tayari ni moto, uliza kwa nini. Oili nzito huficha ringi zilizokwisha kwa muda, kwa hiyo chomoa kijiti cha oili uangalie kama ni nzito kupita kiasi au ni mpya kabisa. Muombeni mwenye gari ruhusa mapema, kwa heshima, na mwende na fundi mnayemwamini ambaye si rafiki wa muuzaji. Akisema hataki plagi zifunguliwe, sisi tungemshukuru na kurudi nyumbani na pesa zetu.

Wale akina mama sasa wana Probox nyingine. Siku ya kuinunua mwenyekiti ndiye aliyeshika kalamu na karatasi: 168, 170, 166, 169. Karatasi hiyo imebandikwa kwenye daftari la kikundi, karibu na risiti.