Kipimo na Kasi: Istilahi za Kuingiza Dawa ya Kuongeza Mkojo Mshipani

Miongoni mwa maandiko yanayowafikia wafasiri mara kwa mara ni maelekezo ya dawa yanayokusudiwa wauguzi. Katika maandiko hayo kosa la istilahi haliishii kwenye lugha, bali huweza kuufikia mwili wa mgonjwa. Makala hii inaeleza jambo moja katika uwanja huo, nalo ni namna ya kutaja kwa Kiswahili kasi ya kuingiza dawa ya kuongeza mkojo katika vena. Mfano wetu ni furosemidi, dawa inayotumiwa sana wakati maji yanapojaa mapafuni au mwilini kwa sababu ya maradhi ya moyo, ini au figo.

Kwanza, jina la kundi lenyewe. Baadhi ya tafsiri huandika “dawa ya mkojo”. Jina hilo halifai, kwa kuwa mgonjwa hulielewa kuwa ni dawa ya kutibu ugonjwa wa njia ya mkojo. “Dawa ya kuongeza mkojo” huonyesha kazi yenyewe: dawa huzifanya figo zitoe chumvi na maji zaidi. Yafaa pia kukumbuka kwamba vitabu vya zamani vya Uingereza huiita furosemidi kwa jina la frusemidi, na kwamba nchi hiyo ilifuata rasmi jina la kimataifa mwaka 2003. Hizo si dawa mbili, na mfasiri atumie jina moja tu katika andiko lote.

Pili, sababu ya kujali kasi. Furosemidi ikiingia mshipani upesi mno kwa kipimo kikubwa, huweza kudhuru sikio la ndani. Mgonjwa husikia mvumo masikioni au hupungukiwa na usikivu, na mara nyingine uziwi huo hauondoki. Hatari huzidi figo zinapokuwa dhaifu, au mgonjwa anapopewa pia dawa kama gentamisini, ambayo nayo hudhuru masikio. Kwa hiyo wagonjwa wawili waliopewa kipimo kilekile wanaweza kupata matokeo tofauti kwa sababu ya muda uliotumika kukiingiza.

Hebu sasa tuitazame sentensi ya aina inayopatikana katika tafsiri: “Dawa itolewe polepole kwa kiwango cha mg 4 kwa dakika.” Sentensi hii ni fupi, lakini ina mashaka manne.

Shaka la kwanza ni neno “itolewe”. Kutoa dawa ni kumpa mgonjwa, ni kuigawa dirishani, na pia ni kuiondoa mahali ilipo. “Iingizwe katika vena” haina utata, nayo huitenga sindano hii na ile ya msuli.

Shaka la pili ni “polepole”. Neno hili ni zuri katika mazungumzo, lakini halina kipimo. Kwa muuguzi mmoja ni dakika mbili, kwa mwingine ni nusu saa. Likitumika, lifuatwe na tarakimu.

Shaka la tatu ni “kiwango”. Katika nyaraka zetu neno hili hubeba maana za kima, ubora, daraja na kikomo. Msomaji anaweza kudhani kwamba mg 4 ndiyo dawa yote anayostahili mgonjwa. Badala yake tunapendekeza “kasi ya uingizaji”, lakini kwa sharti moja. Usemi “kwa kasi” katika Kiswahili cha kawaida una maana ya upesi. Anayesoma “ingiza kwa kasi ya mg 4” huenda akaharakisha mahali alipotakiwa kutulia. Basi neno hilo liwe kiima cha sentensi: “Kasi ya uingizaji isizidi mg 4 kila dakika.”

Shaka la nne ni “kwa dakika”. “Mg 40 kwa dakika 10” humaanisha kipimo chote kigawanywe katika dakika kumi, ilhali “mg 4 kwa dakika” humaanisha kila dakika moja. Kihusishi kimoja kinabeba maana mbili. Tuandike “katika muda wa dakika 10” kwa maana ya kwanza, na “kila dakika” kwa maana ya pili.

Mfasiri aangalie pia asichanganye maelekezo ya vyanzo mbalimbali. Maelezo ya dawa ya Marekani huruhusu kipimo cha mwanzo cha mtu mzima, mg 20 hadi 40, kiingizwe taratibu katika muda wa dakika 1 hadi 2. Kikomo cha mg 4 kila dakika huwekwa kwa vipimo vikubwa vinavyoingizwa kwa dripu. Maelezo yanayotumika Uingereza huweka mg 4 kila dakika kuwa kikomo cha jumla, na mg 2.5 kila dakika kwa mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofika sana. Kazi ya mfasiri si kuchagua, bali ni kueleza wazi kila kikomo kinamhusu nani.

Mwisho ni alama. Furosemidi ya sindano kwa kawaida huwa na mg 10 katika kila ml 1. Mg 4 ni sawa na ml 0.4. Mpiga chapa akiandika “ml 4” badala ya “mg 4”, dawa itaingia kwa kasi mara kumi ya ile iliyokusudiwa. Sifuri iliyo mbele ya nukta isiachwe kamwe.

Istilahi zinazopendekezwa ni hizi:

Kipimo: jumla ya dawa anayopewa mgonjwa kwa mara moja, mathalani mg 120.

Muda wa uingizaji: dakika zinazotumika kukiingiza kipimo chote, mathalani dakika 30.

Kasi ya uingizaji: kipimo kikigawanywa kwa muda. Mg 120 katika muda wa dakika 30 ni mg 4 kila dakika.

Kikomo cha kasi: kasi ya juu kabisa isiyoruhusiwa kuzidishwa.

Ukolezi: wingi wa dawa katika kila ml 1 ya kimiminika.

Kabla ya waraka wa aina hii kupitishwa, apewe muuguzi asiyeshiriki katika kuufasiri, aulizwe ataingiza ml ngapi kila dakika, na kwa muda gani. Akijibu sawasawa bila kuuliza swali, tafsiri imetimia. Akisita, waraka urudishwe mezani.