Mshiko wa Kifundo

Nyoosha mkono wako mbele, kiganja kikitazama chini, kisha legeza kifundo kining'inie. Vidole vinafunguka. Sasa inua kifundo juu bila kuvishughulikia vidole: vinajikunja vyenyewe, na gumba linasogea kando ya kidole cha shahada kama koleo. Hukuviamuru. Kano zinazokunja vidole hupita upande wa kiganjani, na kifundo kikiinuka zinavutika.

Kwa aliyeumia shingoni, kwenye usawa wa mshipa wa sita wa fahamu, mvuto huo mdogo ndio mkono wenyewe. Vidole havipokei tena amri, lakini misuli inayoinua kifundo bado inamtii. Akiinua, ameshika kikombe, akishusha, amekiachia. Kwa mtindo huo huo anapiga mswaki, anakula kwa kijiko na kuokota simu mapajani. Na hapa ndipo ndugu wenye huruma wanapoharibu. Jioni wanakaa kando ya kitanda wakimkanda mgonjwa, wanainua kifundo na kuvinyoosha vidole mpaka vilale kabisa, wakidhani wanauokoa mkono usikakamae. Kano zikishalegea, mshiko umekwenda. Vidole vinyooshwe kifundo kikiwa kimeshushwa. Kikiinuliwa, viachwe vijikunje.

Tunasema mtu ameumia uti wa mgongo, lakini kinachomlaza ni ugwe mgongo, ile kamba laini ya mishipa ya fahamu inayopita ndani ya pingili. Unene wake haupiti kidole, urefu wake ni kama sentimita 45, na inatoa jozi 31 za mishipa kwenda mwilini. Ikipondwa haijiungi upya kama mfupa. Mahali ilipoumia ndipo penye habari yote. Juu kabisa shingoni, hata pumzi inakatika, maana kiwambo kinachovuta hewa hutegemea mshipa wa tatu hadi wa tano. Wa saba ndio hasa unaonyoosha kiwiko: aliyebaki nao anaweza kujisukuma kutoka kitini na kuhamia kitandani, na aliyeukosa itabidi afundishwe kufunga kiwiko kwa ujanja wa bega. Ni tofauti ya pingili moja tu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu milioni 15 wanaishi na jeraha hili. Ajali za barabarani na kuanguka ndizo zinazoongoza, na pwani yetu kuanguka maana yake ni mnazi, mwembe au mkarafuu.

Tabibu mmoja wa Misri, katika mafunjo ya takriban mwaka 1600 kabla ya Kristo, aliandika kuwa huu ni ugonjwa usiotibiwa. Kwa karne nyingi alionekana mkweli. Lakini wengi hawakuuawa na ugwe uliopondwa, waliuawa na vidonda vya kulalia na mkojo uliooza kibofuni. Ludwig Guttmann, daktari aliyewakimbia Wanazi wa Ujerumani, ndiye aliyekataa hukumu hiyo. Mwaka 1944 alifungua wodi Stoke Mandeville, Uingereza, akaamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Walipoacha kufa, akawataka wafanye kazi na kucheza. Tarehe 29 Julai 1948, siku Olimpiki ya London ilipofunguliwa, wanajeshi wa zamani 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde wakiwa kwenye viti mwendo. Michezo ya Paralimpiki ilianzia hapo.

Kibofu kilisubiri hadi 1972, Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alipoonyesha kuwa mgonjwa anaweza kuingiza mwenyewe mpira mwembamba, kutoa mkojo na kuutoa mpira, bila chumba cha upasuaji. Mikono iliyooshwa kwa sabuni inatosha. Kila saa nne hadi sita, kibofu kisijae kupita nusu lita. Magazeti hupenda zaidi habari za Uswisi, ambako Grégoire Courtine na Jocelyne Bloch wamewafanya watu kadhaa wapige hatua kwa vichocheo vya umeme juu ya ugwe. Sizidharau. Ila mwulize aliyekaa kitini miaka kumi angependa kipi kirudi kwanza, na usishangae akitaja choo kabla ya miguu.

Ngozi nayo haina likizo. Mimi na wewe tukikaa tunajisogeza bila kujua, kwa sababu makalio yanalalamika. Yake hayasemi kitu. Kwa hiyo kila robo saa au nusu saa anajiinua au kuinama mbele dakika moja au mbili, damu ipite, na kila usiku anajikagua kwa kioo. Alama nyekundu isiyofifia maana yake asikalie hapo mpaka ipone. Akipuuza, shimo linaweza kufika mfupani.

Yote hayo anaweza kuyajua vizuri, kisha akarudi nyumbani na kukwama mlangoni. Viti mwendo vingi vina upana wa sentimita 60 na ushei. Mlango wa choo cha uani mara nyingi hauufikii. Kwa choo cha kuchuchumaa, seremala anaweza kutoboa kiti cha mbao na kukiweka juu ya tundu, gharama ndogo kabisa. Kama una ndugu wodini, usingoje siku ya kuruhusiwa. Chukua futi leo ukapime mlango: sentimita 80, na kizingiti king'olewe.