Kusingizia au kukashifu? Maneno mawili mbele ya sheria ya Kongo

Miongoni mwa vijana wetu waandikao juu ya habari za mji, yaani barabara iliyoachwa nusu, maji yasiyotoka, au fedha ya soko isiyojulikana ilikokwenda, wapo wengi wanaoamini kwamba msema kweli hana la kuogopa mahakamani. Imani hiyo ni njema, lakini katika sheria ya nchi yetu haitoshi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sehemu ya kutoelewa huko hutokana na tafsiri, na kwamba mwenye kulipa gharama ya tafsiri mbaya ni mwandishi mwenyewe.

Tuanze na sheria. Kifungu cha 74 cha Kitabu cha Pili cha Kanuni ya Adhabu, iliyotokana na amri ya 30 Januari 1940, chamwadhibu mtu ambaye, kwa nia mbaya na hadharani, amembebesha mwenziwe jambo maalumu liwezalo kumvunjia heshima au kumfanya adharauliwe na watu. Adhabu yake ni kifungo cha siku 8 hadi mwaka 1 na faini, au mojawapo tu. Kwa Kifaransa cha mahakama kosa hilo huitwa «imputations dommageables».

Mtu akiombwa kulifasiri, neno la kwanza limjialo kinywani ni kusingizia. Hebu tulipime neno hilo. Ndani ya kitenzi hiki uongo umekwisha kuwamo: hatuwezi kusema «alimsingizia jambo la kweli» bila kujipinga. Basi anayesoma tafsiri hiyo hupata hitimisho moja tu: nikisema kweli, sikumsingizia mtu, na kama sikumsingizia, sina kosa.

Lakini turudi kwenye kifungu. Humo hamna neno «uongo». Yatajwa nia mbaya, hadhara, jambo maalumu na heshima iliyoguswa. Ndiyo maana wanasheria wetu hufundisha kwamba ukweli wa jambo, peke yake, hauliondoi kosa. Kiswahili kina kitenzi kilicho karibu zaidi na maana hiyo, nacho ni kukashifu. Asili yake ni Kiarabu, na maana ya shina ni kufunua. Tukisema «alimkashifu kwa kuitoboa siri yake», sentensi yasimama vizuri, ingawa siri ni ya kweli. Anayekashifu aweza kuwa mwongo, tena aweza kuwa msema kweli. Kinachotazamwa ni aibu iliyotolewa nje. Kwa hiyo napendekeza kosa la kifungu cha 74 liitwe kukashifu.

Jambo la pili ni lile neno «maalumu». Tulinganishe sentensi mbili za mfano. Ya kwanza: «Mkubwa yule ni mtu ovyo.» Ya pili: «Mkubwa yule alichukua saruji ya daraja mwezi wa tano, akajengea nyumba yake.» Ya kwanza haitaji tendo, ikionekana kuwa tusi, itaangukia kifungu cha 75, ambacho adhabu yake ya kifungo ni siku 8 hadi miezi 2. Ya pili yataja tendo, wakati na mali, nayo yaelekea kifungu cha 74. Hapa pana jambo la kusikitisha: mwandishi aliyechunguza kwa bidii yumo hatarini zaidi kuliko yule aliyetukana tu.

Wengine hudhani watajificha nyuma ya sarufi. Huandika «inasemekana», au «eti», au kama tunavyosikia mitaani, «banasema». Kwa upande wa isimu, inasemekana ni umbo la kutendeka, nalo halikubali kutaja mtenda: hatusemi «inasemekana na jirani». Msemaji ametoweka. Katika sarufi ametoweka kweli. Mbele ya hakimu amebaki mmoja, ndiye aliyeandika. Neno eti laonyesha shaka ya msemaji, lakini halilirudishi neno lililokwisha kutoka.

Tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ilipata Kanuni ya Dijitali, kwa amri-sheria namba 23/010. Kifungu chake cha 360 chamwadhibu yeyote anayeanzisha au kupitisha habari ya uongo dhidi ya mtu kwa njia ya mitandao ya kijamii au mitambo ya kompyuta: kifungo cha mwezi 1 hadi 6, na faini ya franka 500.000 hadi 1.000.000, au mojawapo tu. Hapa ndipo uongo unapotajwa, na hapa ndipo pa kusema kuzusha na kueneza. Aliyezusha na aliyeeneza wamewekwa katika sentensi moja, chini ya adhabu moja.

Kwamba haya si mazoezi ya darasani, kesi ya Stanis Bujakera yatosha kutuonyesha. Mwandishi huyo wa habari alikamatwa tarehe 8 Septemba 2023 katika uwanja wa ndege wa N'djili, alipokuwa akisafiri kuja Lubumbashi. Chanzo kilikuwa makala ya Jeune Afrique juu ya kifo cha Chérubin Okende, waziri wa zamani wa uchukuzi, aliyekutwa amekufa Kinshasa mwezi wa Julai mwaka huohuo. Makala hayo hayakuwa na sahihi ya Bujakera. Miongoni mwa mashtaka yalikuwamo kughushi hati na kueneza habari za uongo. Tarehe 18 Machi 2024 alihukumiwa miezi 6 na faini ya franka milioni 1. Akatoka kesho yake, kwa kuwa muda huo alikuwa amekwisha kuumaliza gerezani.

Je, tunyamaze? Hapana. Kifungu cha 23 cha Katiba ya 2006 champa kila mtu haki ya kutoa maoni yake, kwa kuiheshimu sheria. Lakini anayepokea barua ya vitisho kutoka kwa wakili anahitaji kujua anashtakiwa kwa lipi: kukashifu, kutukana, au kueneza uongo. Kila moja lina jibu lake. Anayeambiwa ameeneza uongo ataleta hati na mashahidi. Anayeambiwa amekashifu atahitaji pia kuonyesha kwamba hakuwa na nia mbaya: kwamba alimwuliza mhusika kabla ya kuandika, akaliweka jibu lake, akatenga tendo aliloliona na maoni yake mwenyewe.

Na sisi tunaofundisha lugha tuna wajibu wetu. Sheria inayoweza kumfunga mtu kwa jambo la kweli linalohusu mali ya umma yastahili kujadiliwa na wananchi. Hawataweza kuijadili ikiwa Kiswahili chao kinawaambia kwamba yakataza uongo tu.