Daftari la likelemba limepata nyumba mpya

Wamama, kompyuta yetu ya zamani ilikufa, na programu ya hesabu za likelemba inakubali Windows XP tu, ambayo Microsoft iliacha kuitunza Aprili 2014. Tuliogopa: nani alikuwa amelipa, nani bado? Kijana wa mwenzetu aliokoa daftari kutoka diski ya ndani, kisha akaweka VirtualBox, ya bure, katika kompyuta mpya. Inajifanya kompyuta nyingine. XP inafunguka katika dirisha lake, na feza zetu zote zimeandikwa mule.

XP haina ulinzi tena, kwa hiyo tumeikatia intaneti. Na umeme wa Likasi tunaujua: kila mkutano ukiisha, mama mtunza feza ananakili daftari kwenye flashi. Kitabu cha karatasi hatujakitupa.