Redio ya gari ikipiga kelele, tafuta waya mbovu

Wafanyakazi, mashofere, na ninyi jamaa mnaosafiri nao,

Njia ya kutoka Kindu kwenda Kalima au Kibombo ni ndefu, na redio ni rafiki ya shofere. Inampa habari na nyimbo. Lakini mara nyingi inatoa pia sauti isiyotakiwa: mluzi, mkwaruzo, au tak-tak-tak isiyokwisha. Wengi hupandisha sauti ya redio ili kuifunika. Hilo ni kosa. Kelele ile nayo ni habari. Mara nyingi inasema kwamba waya umelegea, au batri haipati umeme sawasawa. Waya uliolegea hupata moto na kutoa cheche. Katika gari lililobeba mabidoni ya esansi, cheche moja inatosha kuteketeza gari na watu wake.

SIKILIZA KWANZA, FUNGUA BAADAYE

Simamisha gari mahali pa wazi, vuta breki ya mkono, kisha fanya majaribio haya. Hayahitaji chombo chochote.

1. Chomoa chaja ya telefoni. Chaja nyingi za bei ndogo hutia kelele katika redio. Kelele ikinyamaza, umepata mkosaji. Na kama ni tit-tit-tit ya muda mfupi kabla telefoni haijalia, ni telefoni yenyewe: iweke mbali na redio.

2. Zima mota, uache redio inaimba. Kelele ikikoma, inatoka upande wa mota. Ikibaki, tazama antena, bafle na nyaya zake. Lakini mchakacho unaoongezeka kadiri unavyoacha mji si ugonjwa wa redio. Mawimbi ya FM hayapiti vizuri nyuma ya vilima, na hayafiki mbali sana.

3. Washa mota, kanyaga gazi polepole. Mluzi ukipanda na kushuka pamoja na mota, unatoka kwa alternateri, yaani mashine inayochaji batri. Ikiwa ni tak-tak-tak inayokwenda mbio pamoja na mota, tazama bugi na nyaya zake. Mota ya mazuti haina bugi za kutoa cheche, basi huko usipoteze wakati.

4. Punguza sauti ya redio mpaka mwisho. Kelele ikibaki vilevile, inaingia baada ya redio: katika amplifikateri au nyaya za bafle. Ikipungua pamoja na sauti, inaingia kabla ya hapo. Sasa chomoa antena. Ikinyamaza, ilipitia antena.

5. Ikiwa kelele inakuja tu gari linapoingia katika shimo, kuna waya unaocheza. Huo ndio wa kutafutwa siku ile ile.

MASI NI NINI?

Umeme hutoka kwenye batri kwa waya wa plus, unafanya kazi, kisha lazima urudi. Katika gari unarudi kwa chuma cha bodi. Njia hiyo ya kurudi mafundi huiita masi. Kutu, rangi au bulo iliyolegea ikiizuia, umeme hutafuta njia nyingine, hata kupitia waya wa muziki. Hapo ule mluzi wa alternateri unaingia katika bafle.

Katika Maniema mvua ni nyingi na udongo hushika chini ya gari, kwa hiyo kutu huja haraka. Dawa yake haina bei: kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, kaza bulo, paka grisi juu yake. Redio na amplifikateri zifungwe masi mahali pamoja, kwa waya mfupi. Waya wa muziki upite upande mmoja wa gari, na waya wa batri upande mwingine.

Kama mluzi unabaki, fundi apime batri. Mota ikizunguka, batri ya volti 12 inapaswa kuonyesha karibu volti 14. Ikipita 15, kuna ubovu katika kuchaji: batri itachemka na kutoa gazi inayowaka. Ikibaki 12 tu, batri haichajiwi, na mtalala njiani.

WAYA USIO NA FIZIBLI NI NJITI YA KIBERITI

Hapa ndipo hatari kubwa. Ili kuondoa kelele, wengine huvuta waya mpya moja kwa moja kutoka batri hadi amplifikateri, bila fizibli. Amplifikateri inayokula wati 300 huvuta amperi 25. Lakini waya huo ukikatwa ngozi na bati na kugusa bodi, batri itatoa amperi mamia. Waya utawaka mwekundu ndani ya gari, na kuzima redio hakutasaidia.

Fizibli ikae karibu kabisa na batri, kabla waya haujapita katika bati. Pale unapopita, uwe na kipande cha kauchu. Fizibli ikiungua, usiweke msumari wala karatasi ya sigara mahali pake. Imeungua ili gari lisiungue.

Kabla ya kugusa nyaya, vua pete na saa, ondoa mabidoni ya esansi, kisha fungua minus ya batri kwanza. Mwishoni, minus ifungwe ya mwisho.

Kwa kamio za volti 24: usichukue umeme wa redio katika batri moja kati ya zile mbili. Batri hiyo itachoka, na mwenzake atachajiwa kupita kiasi. Fundi aweke chombo cha kushusha volti.

MASIKIO NA MACHO

Aliyeshinda karibu na kompresa au mashine ya kutoboa mawe, masikio yake yamechoka. Kwa desibeli 85, wataalamu wanaruhusu saa 8 kwa siku. Kwa 88, saa 4. Kwa 91, saa 2 tu. Redio iliyopandishwa kufunika kelele yaweza kupita hapo, na sikio lililokufa halifufuki. Tena shofere hasikii honi ya pikipiki nyuma yake.

Usichezee redio gari linapokwenda. Kwa kilomita 40 kwa saa, ukitazama redio sekunde 3, gari limekwenda mita 33 bila macho. Ndani ya mita hizo anaweza kuwapo mtoto anayetoka masomoni, au baba anayesukuma kinga yenye mabidoni ya mawese.

KUMBUKENI

– Kelele haifunikwi, inatafutwa.
– Masi safi, bulo iliyokazwa.
– Hakuna waya wa batri bila fizibli.
– Harufu ya plastiki inayoungua: simama, zima mota, shusha watu wote, kisha fungua minus kama hakuna moto. Kama moto umekwisha kushika, kaeni mbali.

Bibi na watoto, mkisikia redio inakwaruza safarini, mwambieni baba asimame atazame. Dakika kumi kando ya njia si hasara.