Je, Wajua? Chumvi, Tumbaku na Maziwa ya Mama

Je, wajua kwamba Tura, mkoani Tabora, ndipo misafara ya pwani ilipovuta pumzi baada ya kuvuka nyika ya Mgunda Mkali? Wapelelezi Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857, mwenzao Stanley mwaka 1871. Katika njia hiyohiyo, upande wa magharibi, chumvi ilitoka Uvinza, ambako maji ya chemchemi yamechemshwa kwa zaidi ya miaka 1,000.

Je, wajua kwamba chumvi isiyoongezwa madini joto (iodini), iwe ya chemchemi au ya bahari, haimtoshi mama anayenyonyesha? Anahitaji mikrogramu 250 za madini hayo kwa siku. Titi huyavuta kutoka kwenye damu yake, lakini haliwezi kutoa kisichokuwepo: sahani ya mama ikipungukiwa, maziwa nayo hupungukiwa. Mtoto akiyakosa sana, ubongo wake hudumaa, na wengine hupoteza hata usikivu. Nunua pakiti iliyoandikwa madini joto, ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua, na uitie chunguni mboga ikikaribia kuiva.

Je, wajua kwamba moshi wa sigara hupunguza madini joto yanayoingia kwenye maziwa, hata mama awe anakula chumvi nzuri? Tabora ni mkoa wa tumbaku. Jambo hili la sigara lingestahili kusemwa katika kila kliniki yake.

Je, wajua kwamba chuma na zinki haviendi hivyo? Mama akila vizuri au vibaya, viwango vyake ndani ya maziwa havibadiliki sana. Dang'a, yaani maziwa ya kwanza, ndiyo yenye zinki nyingi kuliko maziwa ya baadaye, kwa hiyo isikamuliwe na kumwagwa. Chuma cha maziwani ni kidogo, ila mtoto aliyetimiza miezi huzaliwa na akiba ya karibu miezi 6. Mkunga akisubiri angalau dakika 1 kabla ya kukata kitovu, akiba hiyo huongezeka.

Je, wajua yaliyotokea kisiwani Pemba? Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kuwa watoto waliopewa madini chuma na asidi ya foliki bila kupimwa, mahali penye malaria nyingi, walilazwa hospitali au kufariki zaidi ya wenzao wasiopewa. Waliopimwa na kukutwa na upungufu wa chuma, kisha wakapewa madini hayo, walinufaika. Basi kabla ya kununua sirapu ya kuongeza damu, mtoto apimwe.